Barabara ya Outer Ring na Watu Waendao kwa Miguu

Mtu yeyote aliyepata kufika upande wa mashariki wa mji wa Nairobi anaifahamu barabara iitwayo Outer Ring. Huanzia kwenye barabara ya Thika, hupita Mathare North, Kariobangi, Umoja na Donholm, kisha huishia upande wa Embakasi. Urefu wake ni kama kilomita 13 tu. Lakini kandokando yake wanakaa watu wengi sana, na wengi katika hao hawana motokaa wala hawatazamii kuwa nayo karibuni. Asubuhi mafundi na makarani hutoka kwenda kazini, watoto huenda shule, na mkulima aliyeleta mboga au ndizi kutoka shamba hushushwa na matatu pamoja na magunia yake ukingoni mwa lami. Wote hao sharti wavuke.

Leo tunataka kueleza jinsi barabara ya namna hiyo inavyochunguzwa ili isiwaue watu, na mahali zinapotoka fedha za kuitengeneza. Mambo haya mawili husemwa mara nyingi kana kwamba ni siri ya mainjinia na Hazina. Si siri hata kidogo, na mwananchi anayeyafahamu ana nguvu kuliko yule anayelalamika tu.

Kabla ya mwaka 2014 barabara ya Outer Ring ilikuwa nyembamba, yenye mashimo, na magari yalisongamana kutwa nzima. Mwaka 2013 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kuikopesha Serikali ya Kenya zaidi ya dola milioni 100 kwa kazi hiyo, na Serikali ikaongeza fedha zake yenyewe. Mamlaka ya Barabara za Mijini, iitwayo KURA kwa ufupi, ndiyo iliyosimamia, na kampuni ya Sinohydro kutoka China ikapewa kazi ya kujenga. Ramani ilikuwa njema. Ilionyesha njia mbili za magari kila upande, njia za pembeni kwa magari ya mtaani, njia za miguu na za baiskeli, na madaraja ya juu ya kuvukia watu.

Ubaya haukuwa katika ramani bali katika utaratibu wa kazi. Lami ilitangulia, madaraja ya watu yakafuata nyuma sana. Kufikia mwaka 2017 magari yalikwisha kuanza kwenda kasi juu ya barabara mpya iliyo pana, na huku baadhi ya madaraja ya watu hayajakamilika. Watu hawakuacha kwenda kazini kungoja ngazi zimalizike. Walivuka katikati ya magari, wakapanda ukuta wa katikati, wakaruka upande wa pili, na wengine waliuawa hapo.

Mambo haya hayakuwa mapya. Barabara ya Thika ilijengwa upya tangu mwaka 2009 hadi 2012 kwa mikopo ya Benki hiyo hiyo ya Maendeleo ya Afrika na ya Benki ya Exim ya China, pamoja na fedha za Serikali. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi mwezi wa Novemba 2012. Ni kazi kubwa, na msafiri wa kwenda Thika anayekumbuka taabu za zamani hawezi kuidharau. Lakini hata kabla haijafunguliwa, muungano wa vyama vya wakazi uitwao KARA, ukisaidiana na wataalamu wa chuo cha Columbia cha New York, ulikuwa umewauliza wenyeji wa kando ya barabara wanaionaje. Jambo mojawapo lililotajwa mno lilikuwa shida ya kuvuka. Basi ilikuwa imekwisha kujulikana. Miaka michache baadaye jambo lile lile lilirudiwa Outer Ring, kilomita chache kutoka hapo. Yaonekana daraja la watu huhesabiwa kama pambo la nyumba, litakalotiwa baada ya paa kuezekwa na wenyewe kuhamia.

HESABU YA MTU ASIMAMAYE UKINGONI

Kuna watu wasemao kwamba waendao kwa miguu ni wakaidi, na kwamba wangekuwa waangalifu wasingegongwa. Maneno haya tumeyasikia hata kwa watu wenye elimu. Tuyapime kwa hesabu ambayo kila karani aweza kuifanya kwa kalamu.

Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita moja na robo kwa sekunde. Njia mbili za magari yaendayo upande mmoja zina upana upatao mita 7, kwa hiyo atahitaji karibu sekunde 6 kuzivuka. Katika sekunde hizo motokaa itakuwa imekata mita zaidi ya 130, yaani urefu unaopita uwanja wa mpira. Maana yake ni kwamba mtu huyo lazima aione motokaa ingali mbali kiasi hicho, akadirie mwendo wake kwa macho, aangalie kama kuna nyingine nyuma yake inayotaka kuipita, ndipo aamue. Akifika katikati huanza hesabu ile ile upya kwa magari yatokayo upande wa pili. Na huyo ni mtu mzima asiye na mzigo. Mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee mwenye fimbo, huhitaji sekunde nyingi zaidi. Na mtoto wa miaka saba bado hawezi kupima mwendo wa gari sawasawa. Usiku, mahali pasipo na taa, hata kijana mwenye macho makali hubahatisha tu.

Sasa tupunguze mwendo. Motokaa ile ikienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo uliowekwa na sheria ya Kenya katika miji, hukata mita 83 hivi katika sekunde hizo 6. Ikienda kilomita 30, hukata mita 50 tu. Tena pigo lenyewe hubadilika. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Ndiyo sababu mtu aliyegongwa na gari liendalo polepole mara nyingi huinuka na jeraha, na aliyegongwa na gari liendalo kasi huzikwa. Basi tukitaka kujua kwa nini mahali fulani watu wanakufa, jambo la kwanza la kuuliza ni magari yanapita hapo kwa mwendo gani. Tabia za wavukaji zaweza kungoja swali la pili.

KUICHUNGUZA BARABARA

Uchunguzi huanza kwa madaftari ya polisi. Kila ajali iliyoandikwa hutiwa katika ramani, na baada ya miaka mitatu au minne ya kuandika, ramani yenyewe huanza kusema: hapa kwenye steji wamekufa wengi, pale kwenye makutano wameumia wengi, na kati yake hakuna kitu. Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutoa jumla ya nchi nzima. Mwaka 2023 waliouawa barabarani nchini Kenya walikuwa 4,324, na mwaka 2024 walizidi 4,700. Katika miaka hiyo kundi kubwa kupita yote lilikuwa la watu waendao kwa miguu.

Lakini daftari la polisi halioni kila kitu. Mtu aliyegongwa akachukuliwa na wasamaria kwenda hospitali, akafa baada ya wiki mbili, pengine hataingia katika hesabu. Aliyevunjika mguu akakubali kulipwa na dereva papo hapo hataingia kabisa. Kwa mwaka 2016 hesabu rasmi ya Kenya ilikuwa watu 2,965 waliokufa; Shirika la Afya Duniani, kwa njia zake za kukadiria, lilifikiri kwamba walikuwa 13,463. Makadirio si hesabu ya watu mmoja mmoja, na watu wa takwimu hubishana juu yake. Hata hivyo, tofauti ya zaidi ya mara nne si ndogo. Mamlaka inayopanga fedha kwa kufuata madaftari peke yake hupanga kwa kuangalia robo ya msiba.

Kwa sababu hiyo wachunguzi wazuri huenda wenyewe barabarani. Huweka makarani wa kuhesabu tangu saa kumi na mbili asubuhi: wangapi wanavuka, mahali gani, wakitoka wapi, watoto ni wangapi. Hupima mwendo wa magari kwa chombo, kisha hutafuta ule mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayaupiti. Hutazama majani yaliyokanyagwa na vyuma vilivyopindwa katikati ya barabara, kwa maana hivyo huonyesha njia ambayo watu wameichagua wenyewe. Hupita tena usiku, na hupita tena siku ya mvua. Iko pia njia ya kuipa barabara nyota, kuanzia moja hadi tano, inayotumiwa na shirika la iRAP katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Barabara hukaguliwa kipande baada ya kipande, kila kipande mita 100, na kila aina ya mtumiaji hupewa nyota zake peke yake. Hapo huonekana jambo la ajabu, kwamba kipande kimoja chaweza kupata nyota nyingi kwa aliye ndani ya motokaa na nyota moja kwa aendaye kwa miguu.

Uchunguzi wa namna hii ndio unaozuia pesa kupotea. Tutoe mfano wa daraja la juu, kitu ambacho wanasiasa hupenda kukiahidi kwa sababu huonekana kwa mbali. Likijengwa mita 300 kutoka mahali watu wanapovuka, au likiwa na mzunguko mrefu wa kupanda, au likiwa na giza ambalo wezi hulipenda, watu wengi watapita chini yake kama hapo awali. Polisi wataletwa kuwakamata siku mbili tatu, kisha mambo yatarudi yalivyokuwa. Kwenye barabara pana yenye magari ya kasi kama Thika, daraja halina budi, nalo lazima liwe pale pale penye steji. Lakini mahali pengi mjini kivuko cha usawa wa ardhi, kilichoinuliwa kidogo ili magari yapunguze mwendo, hufanya kazi bora kwa gharama ndogo zaidi, na mwenye mkokoteni au mlemavu katika kiti cha magurudumu hupita bila kuomba msaada.

Ghana walipata fundisho zuri kwenye makutano ya Suhum, katika barabara kuu itokayo Accra kwenda Kumasi. Walitia mistari iliyoinuka kidogo yenye kutetemesha gari ili dereva ajue kwamba anakaribia mji. Uchunguzi uliofanywa baadaye, uliohusu mwaka 2000 na mwanzo wa 2001, ulionyesha kwamba ajali zilipungua kwa kiasi cha 35 katika kila 100, na vifo kwa kiasi cha 55 katika kila 100. Hakuna daraja lililojengwa.

Karibu zaidi na kwetu, katika Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilianza mwaka 2012 kushughulikia barabara zilizo karibu na shule za msingi. Kazi zake zilikuwa ndogondogo: matuta, vivuko vilivyopakwa rangi, njia za miguu, vibao, kuhamisha lango la shule litazame upande usio na hatari. Linalotupendeza zaidi ni namna walivyopima. Hawakutegemea madaftari, waliwatuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza ni mtoto gani aliumizwa na gari, lini na wapi, kabla ya kazi na baada ya kazi, na kuyalinganisha majibu na ya shule nyingine ambazo hazijatengenezewa kitu. Watoto walioumia walipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya dola 250,000 na taasisi ya Marekani iitwayo World Resources Institute, ikishindana na miradi ya miji mikubwa ya dunia.

Madereva wengi hawayapendi matuta, na baadhi ya malalamiko yao ni ya haki. Tuta lililojengwa usiku na wakazi wenye hasira, refu mno, lisilo na rangi wala kibao, huvunja magari na huweza lenyewe kuleta ajali. Mkulima aletaye mayai mjini anajua hasara yake. Lakini wakazi hao hawakuamka kwa kupenda kuchimba barabara. Aghalabu wamemzika mtoto wiki ile. Tuta lililopimwa na injinia likawekwa kibao na taa halina ubaya huo.

FEDHA ZATOKA WAPI

Msomaji asidhani kwamba fedha za barabara ni zawadi ya mtu. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini Kenya hutozwa ushuru wa kutunza barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2016 ulipandishwa kutoka shilingi 12 hadi 18, na Julai 2024 ukawa shilingi 25 kwa lita. Mkulima atiaye dizeli katika trekta au pampu ya maji anaulipa, ingawa trekta haikanyagi Outer Ring kamwe. Mama apandaye matatu anaulipa katika nauli. Hata yule aendaye kwa miguu akanunua sukuma wiki iliyoletwa na lori, ameulipa kidogo. Fedha hizo hugawanywa na Halmashauri ya Barabara ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mamlaka ya barabara kuu hupata fungu kubwa kuliko lile la barabara za mijini.

Fedha hizo zina wengi wanaozikodolea macho. Mwaka 2025 Serikali iliweka rehani shilingi 7 katika zile 25 ili kupata fedha za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai kwa muda mrefu. Hatusemi kwamba makandarasi wasilipwe, kwa kuwa kazi iliyosimama nusu nayo huua. Lakini shilingi iliyokwisha tumiwa kwa deni la jana haiwezi kupaka rangi kivuko cha kesho.

Tena ushuru huo ni wa kutunza. Kazi kubwa za kujenga hutoka katika makadirio ya maendeleo ya Serikali na katika mikopo. Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Mkopo unapotiwa sahihi, kila kitu kilichomo katika mkataba kina fedha zake. Kilichoachwa nje, au kilichoandikwa mwishoni, hutegemea kama kutabaki kitu. Bei ya lami ikipanda na fidia ya viwanja ikizidi ilivyokisiwa, kinachokatwa au kucheleweshwa ni vitu vya wanyonge: daraja, taa, njia ya miguu. Ukilinganisha na jumla ya gharama ya barabara, vitu hivyo si ghali. Lakini vikirudiwa baadaye peke yake, huhitaji zabuni mpya, mkandarasi mpya, kufunga barabara upya, na pengine kuhamisha mabomba ambayo yamekwisha kuzikwa.

Kaunti ya Nairobi ililiona jambo hili. Mwezi wa Machi 2015 ilitoa sera inayosema kwamba katika kila shilingi 100 za kujenga barabara, 20 zitumiwe kwa ajili ya waendao kwa miguu, wenye baiskeli, na usafiri wa umma. Ni neno la haki. Shirika la Japani la JICA lilipochunguza safari za watu wa Nairobi mwaka 2004, lilikuta kwamba karibu nusu ya safari zote zilifanywa kwa miguu. Watu walio nusu ya wasafiri kupewa sehemu ya moja ya tano, tena wakagawana na mabasi, si upendeleo. Mwaka 2019 Kaunti pamoja na shirika la UN-Habitat walibadilisha Luthuli Avenue, wakaifanya ya magari kwenda upande mmoja tu na kupanua mahali pa kutembea. Nayo ilikuwa barabara ya maduka ya redio iliyosongwa na magari hata mtu alipita kwa kujipenyeza. Lakini sera si sheria, na barabara kubwa kama Outer Ring na Thika haziko mikononi mwa Kaunti bali za mamlaka za taifa, ambazo hazifungwi na sera hiyo.

Kwa maoni yetu, linalotakiwa ni sharti moja la wazi katika mkataba: kwamba barabara iliyopanuliwa isifunguliwe kwa magari ya kasi kabla vivuko vya watu havijakamilika mahali pale pale, na kwamba wakati wa ujenzi mkandarasi aweke vivuko vya muda vyenye taa na walinzi, alipwe kwa ajili yake, na akatwe malipo asipoviweka. Benki zinazokopesha haziwezi kukataa, kwani zenyewe hutaka mradi uchunguzwe madhara yake kwa watu kabla ya kutoa mkopo. Wala mkandarasi hawezi kusema hajui kujenga ngazi.

NAMNA YA KUOMBA

Katiba ya mwaka 2010 inaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi kabla makadirio ya fedha hayajapitishwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupelekwa Bungeni miezi miwili kabla ya hapo; ya kaunti nayo hupelekwa katika baraza lake kufikia tarehe 30 Aprili. Mikutano ya maoni hutangazwa magazetini, na mara nyingi waendao ni wachache mno.

Mzee wa mtaa au mwalimu mkuu anayetaka kivuko asiandike tu kwamba barabara ni ya hatari. Maneno hayo afisa huyasoma kila siku. Aandike mahali hasa, kwa alama inayojulikana: mkabala wa soko fulani, hatua kadha kutoka kwenye steji. Aandike ni watu wangapi waliovuka hapo kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kwa siku tatu zilizohesabiwa na vijana wawili wenye daftari, na watoto wa shule wakiwa wangapi. Aandike waliogongwa katika miaka miwili iliyopita, kwa mwezi na saa, hata wale ambao polisi hawakuwaandika. Aombe kitu kimoja, kama ni kivuko kilichoinuliwa au taa, asiombe vyote. Nakala moja iende KURA au mamlaka inayohusika, moja kwa mbunge au mwakilishi wa wadi, na moja abaki nayo yenye mhuri wa kupokewa. Ifike kabla ya mwisho wa Machi, maana baada ya hapo tarakimu za mwaka huwa zimekwisha kupigwa chapa.